Waliipasua Kwanza?

Shangazi yangu alifanya biashara ya ng'onda kwa zaidi ya miaka 20. Alfajiri aliondoka Ruangwa na kapu tupu, akashuka hadi ufukweni Lindi mjini, na usiku akarudi na harufu iliyomtangulia mlangoni. Kwa hiyo jibu la maabara lilipokuja, likisema kwamba nyama ya uvimbe uliotolewa kwenye titi lake ilikuwa imeharibika katikati na haifai kwa vipimo vilivyobaki, hakuuliza habari za mashine wala za daktari aliyepima. Aliketi mkekani, akanyoosha miguu, akasema, "Mwanangu, waliipasua kwanza?"

Sikumwelewa, naye akaona. Samaki mkubwa, alinieleza, ukimtia chumvi mzima mzima, nje atakauka na jicho la mnunuzi litaridhika, lakini kwenye mfupa ataoza, na siku ya pili kapu lote limeharibika. Ng'onda hupasuliwa mgongoni, hufunguliwa kama kitabu, na palipo na nyama nene huchanjwa tena, ndipo apakwe chumvi. "Chumvi haina miguu," alisema. "Wewe ndiye wa kuifungulia njia."

Baadaye, nilipowatafuta wanaoijua kazi ya maabara, nilikuta kwamba swali la shangazi ndilo wanalojiuliza wao kabla ya jingine lolote. Uvimbe wake, mkubwa kama embe changa, ulikuwa umetiwa bila kupasuliwa, ukasukumwa ndani ya chupa yenye mdomo mwembamba, ukamwagiwa formalini hadi shingoni na kufunikwa. Uliingia ukiwa laini. Kutoka ulikuwa mgumu, ikabidi chupa ivunjwe. Nje nyama ilikuwa imeiva. Ndani palikuwa na kitu cha kijivu, kama uji uliolala. Mpatholojia aliweza kuiona saratani pembezoni, ila vile vipimo vinavyoonyesha dawa ipi itafaa hakuthubutu kuvitolea jibu. Hospitali yenyewe sitaitaja. Haiko peke yake, na aliyeshika chupa ile siku ile hakuwahi kufundishwa na mtu.

Ninaotaka kuwaeleza ni wale waliofundishwa, wakaipenda kazi.

Uvimbe wa shangazi haukuwa umetoka wote, ikaamuliwa titi liondolewe katika hospitali kubwa zaidi, huku huku kusini. Hiyo ndiyo ikawa nafasi ya pili. Niliomba ruhusa nione safari ya nyama ile tangu mwanzo. Nikavalishwa kanzu ya kijani, nikaoneshwa pa kusimama katika chumba kidogo kilichopakana na chumba cha upasuaji: meza ya chuma, mizani, saa ya ukutani, kisu kirefu, na ndoo nyeupe ya lita 10 yenye mfuniko.

Kijana wa maabara alikuwa amekwisha kuchanganya dawa tangu jana yake. Formalini kali huletwa ikiwa na gesi ya formaldehidi kiasi cha asilimia 37 hadi 40 ndani ya maji. Sehemu moja ya hiyo hutiwa katika sehemu tisa za maji, na ndiyo inayoitwa formalini ya asilimia 10. Wengi huishia hapo. Yeye alipima pia chumvi mbili za fosfeti, gramu 4 za moja na gramu 6.5 za nyingine kwa kila lita, kwa sababu formalini isiyo na chumvi hizo huchachuka polepole, na uchachu wake ukikutana na damu huacha vidoa vya kahawia iliyokoza vinavyomdanganya anayetazama kwenye hadubini. Maabara za zamani zilitupia vipande vya marumaru chini ya pipa ili kuupunguza uchachu huo. Chumvi ni bora zaidi. Kwenye dumu lake palikuwa na karatasi: tarehe ya kuchanganya, na jina la aliyechanganya.

Dirisha lilikuwa wazi muda wote, maana formalini huchoma macho na koo. Tena shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka formaldehidi miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nililifikiria hilo nilipomwona kijana yule akijifunga barakoa. Anayetusaidia kuijua saratani anavuta mvuke wa formalini kila siku ya kazi, na feni ya kutoa hewa katika chumba kama hicho si anasa.

Titi lilipoletwa lilikuwa na nyuzi mbili za mshono. Uzi mfupi upande wa juu, uzi mrefu upande wa kwapa. Daktari wa upasuaji alikuwa amezishona kabla hajaliachilia, kwa kuwa nyama ikishatoka mwilini haina tena juu wala chini, na mtu wa mbali atakayeikata anahitaji kujua saratani imekaribia ukingo upi. Mizani ilisoma gramu 640. Kijana akaitazama ndoo: kwa kila kipimo cha nyama, vipimo 10 vya formalini, kwa hiyo lita 6 na nusu hazipungui. Akapaka wino mweusi mgongoni mwa titi, pale lilipokuwa limeshikana na kifua, akasubiri wino ukauke. Kisha akaligeuza, ngozi chini, na kisu kikaingia kutoka nyuma.

Alikata kipande baada ya kipande, unene wa sentimita moja hivi, bila kuifikia ngozi, hata titi likabaki limeshikana kama kitabu kilichofunguliwa. Kati ya kurasa aliweka shashi ili maji yapite. Hakuwa na haraka, wala hakuchelewa. Kisu kilipoufikia uvimbe mlio ulibadilika, kikakwaruza kama kinachokata pera bichi, na pale katikati ya mafuta ya manjano pakatokea kitu cheupe, kigumu, chenye mizizi. Akakata ubale mmoja mwembamba wa uvimbe, nusu sentimita, na kuuweka peke yake katika kopo dogo la mdomo mpana. "Huu ndio utakaosema," aliniambia. "Mwingine wote ni ushahidi wa kuunga mkono."

Nusu sentimita hiyo ina hesabu yake. Formalini huingia katika nyama kwa kasi ya milimita moja hivi katika saa ya kwanza, kisha hupungua kadiri inavyozama. Kuifikia milimita ya kumi huichukua muda mrefu mno kuliko mara kumi ya ile ya kwanza. Wakati huo huo nyama haingojei. Ikishakosa damu, vimeng'enya vyake vyenyewe huanza kuila kutoka ndani, na katika joto la kwetu la mwezi wa Novemba huila kwa pupa. Mwongozo uliotolewa mwaka 2010 na vyama viwili vya Marekani, cha madaktari wa saratani na cha wapatholojia, unafuatwa leo katika maabara nyingi duniani: nyama ya titi ipasuliwe na kuingia formalini ndani ya saa moja tangu itoke mwilini, ikae humo saa zisizopungua 6 na zisizozidi 72. Maji ya dripu hayawezi kuishika nafasi ya formalini. Kitambaa kibichi pia hakiwezi, na jokofu hununua dakika tu.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hakuna mwongozo wa Marekani ungeweza kulifikiria. Kijana aliandika kwenye ubavu wa kopo, si kwenye mfuniko (mifuniko hubadilishana): imetoka 10:20 asubuhi, imeingia 10:50 asubuhi. Neno "asubuhi" alilipigia mstari mara zote mbili. Nikamuuliza kwa nini. Akasema sisi tuna saa mbili.

Ni kweli. Saa ya ukutani ilionyesha 10:20, na muuguzi aliyesimama mlangoni alikwisha sema kwa sauti, "Saa nne na dakika ishirini." Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza, na kati yake na saa ya ukutani kuna saa 6 kamili. Sasa muuguzi akiandika "imetoka 4:20" kwa saa yetu, na mtu wa maabara akaandika "imeingia 10:50" kwa saa ya ukutani, msomaji wa Dar es Salaam, nyama inakopelekwa, ataona nyama iliyokaa mezani saa 6 na nusu, aitilie shaka bure. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Nyama iliyotoka 10:20 ikasahauliwa mezani hadi jioni, na aliyeikumbuka akaandika "saa 10:30" kwa hesabu ya nyumbani, kwenye karatasi itaonekana ilingoja dakika 10. Ukweli ni kwamba imengoja saa 6 na dakika 10, na imeoza. Saa 6 zinazotenganisha saa zetu mbili ni zile zile ambazo nyama huhitaji ili ianze kuiva. Kwa mstari mmoja wa kalamu chini ya neno moja, kijana yule aliuziba mlango ambao mimi sikujua kama upo.

Lugha yetu haijapata neno moja la kudumu kwa jambo linalofanyika ndani ya kopo. Maabarani wengi husema "kufiksi". Vitabuni huandikwa "kuhifadhi", nami naliona hilo linafaa kuliko linavyodhaniwa, kwa maana yake ya chuoni. Mtoto wa madrasa aliyehifadhi Kurani hakuiweka kabatini. Ameishika hivi kwamba hakuna herufi inayosogea. Formalini hufanya jambo la namna hiyo. Molekuli zake ndogo hujishikiza kwenye protini, kisha polepole hujenga madaraja kati ya protini moja na jirani yake, mpaka kila kitu ndani ya seli kinabanwa mahali kilipokuwa. Kuingia kwake ndani ya nyama ni kazi ya mwanzo. Kujenga madaraja huchukua saa nyingi zaidi. Ndiyo maana hata kipande chembamba cha nyama kilichochukuliwa kwa sindano, ambacho formalini hukipenya chote kwa muda mfupi, nacho hupewa saa 6 zake. Kulowa si kuiva.

Jambo hili liligunduliwa kwa kidole. Mwaka 1893, huko Frankfurt, daktari Ferdinand Blum alikuwa akiijaribu formalini kama dawa ya kuua vijidudu, akaona ngozi ya vidole vyake imekuwa ngumu, kama ya vitu vilivyokaa katika spiriti. Mwingine angepaka mafuta mikononi akaendelea na shughuli zake. Yeye alijiuliza kama nyama nyingine nayo ingekazika hivyo. Zaidi ya miaka 130 baadaye, ndoo nyeupe iliyokuwa mbele yangu ilitokana na swali hilo.

Ilikuwa Jumatatu, na hilo nalo lilipangwa. Hospitali za wilaya, kama za Nachingwea na Ruangwa, kwa kawaida hazina mpatholojia wa kuisoma nyama papo hapo, na mara nyingi nyama ya mwanamke husafiri mbali kuliko alivyowahi kusafiri mwenyewe. Kutoka Nachingwea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, safari ya basi ya kutwa. Piga hesabu. Nyama iliyoingia formalini Jumatatu saa 5 kasoro dakika 10 asubuhi, ikapanda basi Jumanne alfajiri, ikapokelewa maabara Jumatano asubuhi na kuingizwa mashineni jioni ya siku hiyo, imekaa formalini saa 54 hivi. Iko salama. Upasuaji ule ule ukifanywa Ijumaa, basi la Jumamosi litafika na kukuta mlango umefungwa, na Jumatatu jioni saa zimekwisha kupita 78. Mkulima wa mikorosho wa Ruangwa angelielewa hili bila kuchorewa: salfa ni ile ile, pampu ni ile ile, lakini ikipulizwa nje ya wakati wake ua limekwisha kuungua kwa ubwiri. Daktari wa upasuaji aliyekubali kuyaweka matiti kwenye orodha ya Jumatatu na Jumanne hakuongezewa kifaa chochote. Aliisoma ratiba ya basi.

Na barabara ina mambo yake. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na masika yalipokolea Kusini ilikatika na nchi. Mei 2024, mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu wilayani Kilwa, Somanga na jirani zake, na magari yakalala njiani. Kijana wa maabara ana jibu la siku kama hizo: nyama ikishatimiza siku mbili na safari ikawa haina uhakika, huitoa formalini na kuiweka katika spiriti ya asilimia 70, ambamo inaweza kungoja bila madaraja yale kuendelea kujengwa kupita kiasi. Aliniambia hilo akiwa ameshika dumu la spiriti lenye tarehe, kama lile la kwanza.

Dar es Salaam niliifuata nyama kwenye maabara moja isiyo na ukubwa wa kutajwa. Hapa kazi hubadilika. Kopo likifunguliwa, mpatholojia huuchagua upande wa kukata, na kipande kisichozidi ukubwa wa stempu huingia katika kaseti ya plastiki yenye namba. Kwenye ghala la korosho nimeona mkaguzi akichota korosho chache kutoka rundo kubwa, akazikata katikati, na bei ya tani nzima ikasimama juu ya hizo chache. Hapa ni vivyo hivyo, na uzito wake ni wa kutisha zaidi.

Titi lina ugumu wake lenyewe, nao ni mafuta. Formalini ni maji, na nta haipatani na maji. Kati ya hayo mawili lazima nyama ipite katika spiriti, ya asilimia 70 kwanza, kisha ya juu zaidi, hadi isiyo na maji kabisa, halafu zailini inayoiondoa spiriti na kuyeyusha mafuta, ndipo nta ya moto, nyuzijoto 60 hivi, iingie kila mahali palipoachwa wazi. Figo au ini hupita njia hiyo bila malalamiko. Titi lenye mafuta mengi huhitaji saa za ziada katika spiriti na zailini. Ukiliharakisha, mafuta hubaki, nta hukosa pa kukaa, na siku ya kukata kipande hutumbukia mbele ya kisu na kuacha tundu. Spiriti iliyotumika mno huleta hasara hiyo hiyo, na maabara yenye bajeti ndogo hushawishika kila wiki kuitumia mara moja tena. Mama mmoja wa makamo, mkuu wa chumba hicho, alikuwa na daftari la kubadilisha spiriti. Hakuna siku iliyorukwa. Nililitazama daftari lile kwa heshima ambayo watu huipa misahafu.

Tena kuna hatari iliyojificha hapa, nayo inarudi kwenye samaki wa shangazi. Nyama ambayo formalini haikuifikia katikati, ikiingia mashineni, spiriti huikausha pale katikati kwa namna yake, na kwa jicho huweza kuonekana imeiva. Ni vipimo vya baadaye vinavyokosea, bila mtu kujua kwa nini.

Kukata ndiko kulikonikalisha kimya. Nyama iliyozama katika nta hugandishwa kuwa tofali dogo, tofali hulazwa juu ya barafu kwa kuwa joto la Dar es Salaam hulainisha nta, kisha hufungwa kwenye maikrotomu. Dada aliyeketi mbele yake aliuzungusha mkono wa gurudumu kwa mwendo mmoja, kama anayesokota uzi. Kila mzunguko ulitoa ubale wa maikromita 4. Unywele mmoja wa kichwa, ungekatwa kwa urefu, ungetoa mabale zaidi ya kumi na matano ya unene huo. Yalitoka yameshikana, moja nyuma ya jingine, utepe mweupe uliotikisika kwa pumzi yake, hivyo alikuwa akipumua pembeni. Akauinua kwa brashi, akaulaza juu ya maji ya vuguvugu, na mikunjo yote ikajifungua yenyewe. Kisha kioo kikaingia majini kwa mshazari na kutoka kimebeba ubale mmoja, umenyooka. Nilimuuliza amejifunza kwa muda gani. "Mwaka mzima nilitupa," alisema, "ndipo nikaanza kubakiza."

Ubale huo hauna rangi. Anayeupa rangi ni mti. Hematoksilini hutoka kwenye moyo wa mti wa Campeche, Mexico, ambao Wazungu waliukata kwa karne kadhaa kwa ajili ya kutia nguo rangi. Ukiuona umepasuliwa, mweupe nje na mwekundu mweusi ndani, utaukumbuka mpingo wetu wa misitu ya Nachingwea. Rangi hiyo peke yake haishiki. Hushikizwa kwa shabu, ya namna ile ile inayouzwa madukani na kutumiwa na vinyozi. Viini vya seli hugeuka buluu ya zambarau, na eosini hufuata ikivipaka vingine vyote waridi. Kwenye hadubini niliiona saratani ya shangazi yangu: viini vikubwa, vimesongamana, havifanani, vinapita safu kwa safu katikati ya waridi. Sikutegemea ingekuwa na mipaka iliyo wazi hivyo. Uwazi ule ulitengenezwa saa 5 kasoro dakika 10 ya Jumatatu.

Lakini kuiona haikutosha. Seli nyingi za saratani ya titi huwa na vipokezi vya homoni ya estrojeni, na penye vipokezi hivyo kuna tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu kinachomezwa mara moja kwa siku, nyumbani, bila dripu wala kulala wodini. Majaribio yaliyokusanywa duniani kote yameonyesha kwamba miaka 5 ya kidonge hicho hupunguza vifo vya saratani yenye vipokezi kwa karibu theluthi moja. Kwa mwanamke wa Ruangwa hakuna dawa inayomfaa kuliko hiyo, ikiwa anayo haki nayo. Na haki hiyo husomwa kwenye ubale ule. Slaidi huchemshwa kwanza katika maji ya chumvi maalumu ili madaraja ya formalini yalegee kidogo (ujuzi uliotangazwa mwaka 1991), kisha hutiwa kingamwili inayokwenda kukishika kipokezi pekee na kukionyesha kwa rangi ya kahawia. Kipokezi kikiwa kimeoza mezani, au hakikuhifadhiwa katikati ya uvimbe usiopasuliwa, kahawia haitatokea. Karatasi itaandikwa "hasi". Hakuna kengele itakayolia.

Kanada waliyajua haya kwa uchungu. Katika jimbo la Newfoundland na Labrador, vipimo vya vipokezi vilivyofanywa kati ya mwaka 1997 na 2005 vilirudiwa, na zaidi ya wanawake 380 wakakutwa walipewa jibu lisilo sahihi. Tume ya Jaji Margaret Cameron iliyotoa ripoti mwaka 2009 ilikuta kasoro hatua kwa hatua, na uhifadhi wa nyama ulikuwa miongoni mwake. Ilikuwa nchi tajiri, yenye umeme usiokatika. Kwa upande wetu, uchambuzi wa tafiti nyingi za Afrika uliochapishwa na jarida la PLoS Medicine mwaka 2014 ulionyesha kwamba nyama iliyotolewa kwenye makabati ya zamani ilikuwa na vipokezi kwa uchache kuliko nyama iliyokusanywa upya kwa uangalifu, tofauti ya karibu asilimia 10. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba saratani ya mwanamke wa Kiafrika ni ya aina isiyosikia kidonge. Kwa baadhi yao huenda ni kweli. Kwa wengine, nina hakika, kilichokosekana kilikuwa kisu na ndoo.

Jibu la shangazi lilisema vipokezi vipo, tena kwa wingi. Mpatholojia aliongeza mstari mmoja chini ya ripoti, usiolazimika kuwapo: nyama imehifadhiwa vizuri sana. Nilimsomea yote, na mstari huo akataka niurudie. Siku iliyofuata alinikabidhi mfuko wa karatasi niupeleke kule hospitali. "Umpe yule kijana wa ndoo. Umwambie ni wa Lindi, na nimewachagua mwenyewe."

Mlikuwa na ng'onda wawili wakubwa. Kijana wa maabara alinawa mikono, akaufungua mfuko juu ya benchi nje ya chumba chake, akamchukua mmoja na kumfungua pale alipopasuliwa. Alipitisha kidole gumba juu ya mfupa wa mgongo taratibu, kutoka kichwani hadi mkiani, akasimama kidogo palipo na nyama nene, akabonyeza, akanusa.

"Ameiva mpaka ndani," alisema.